Cheti Kimefika Songea

Songea, 14 Oktoba 1997

Dada Mwanaima,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani, habari za Mwanaidi wako na shule yake, na baba anaendeleaje na mguu? Mimi mzima, ila kikohozi cha baridi ya huku kimenirudia, na lile sweta ulilonifumia limeanza kufumuka mikononi. Mwambie Mwanaidi kwamba simba sijamwona hata mmoja, asiwadanganye wenzake. Baba mpe shikamoo yangu. Barua yake niliipata na ushauri wake nimeusoma.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikuandikie kabla ya mwisho wa mwezi. Mwalimu wa taaluma alituita ukumbini sisi wote wa kidato cha sita. Alisema fomu za kuomba chuo kikuu zitaletwa mwezi wa pili, na lazima zifike Dar es Salaam kabla Machi haijaisha, kwa hiyo tuanze kukusanya vitu: picha ndogo, nakala ya cheti cha kidato cha nne, na cheti cha kuzaliwa. Hapo kwenye cha kuzaliwa ndipo nilipokwama. Mimi sina. Edwin, yule wa Newala ninayelala naye kitanda cha juu na chini, alizaliwa hospitali ya misheni, kwake karatasi hiyo ipo tangu yuko kwenye nepi. Nakuomba dada unifuatilie Masoko, kwenye ofisi za wilaya. Najua ni usumbufu.

Kwenye fomu mtu anachagua kozi tatu. Wenzangu wameshaamua. Edwin ataandika uhandisi wa ujenzi, ukimuuliza kwa nini anakwambia twende Newala wakati wa masika ukaone barabara. Baba naye anataka niandike uhandisi, kwa sababu ya gesi ya Songo Songo, kwamba siku itakapoanza kutoka asikosekane angalau mtoto mmoja wa Kilwa kazini. Ni neno zuri. Lakini mimi nikilala nafikiria takwimu, nikiamka nafikiria sheria, na kufika saa ya chakula nimeshaviacha vyote viwili. Usimwambie baba.

Mdogo wako,
Tawakali


Kilwa Kivinje, 9 Novemba 1997

Mdogo wangu Tawakali,

Marahaba. Hapa wote wazima. Mwanaidi ameng'oka meno mawili ya mbele na haoni aibu, anacheka na kila anayepita. Mguu wa baba umetulia. Yeye mwenyewe hajatulia. Bado anaamka mapema, anavaa shati lake la kazini, anakaa kibarazani kama anasubiri gari la shirika lije kumchukua. Tangu walipomwachisha na kulifunga shirika lenyewe ni miaka minne sasa, na hakuna anayethubutu kumwambia avae kanzu tu.

Mvua zimeanza mapema na hazifanani na za kila mwaka. Wanasema redioni zitaendelea. Barua yako ilichelewa kwa sababu hiyo, sikuipuuza.

Cheti nitakifuatilia. Kuhusu kozi sina la kukushauri, mimi sijawahi kuchagua kozi. Ila nimeona kwenye ukurasa mmoja umewataja wenzako, Edwin, baba. Sikuona mahali umeandika wewe unapenda nini.

Nina ombi dogo. Madaftari na vitabu vyako vya kidato cha kwanza na cha pili uliviweka wapi? Kuna mtu hapa Kivinje anavihitaji, hasa hesabu na Kiingereza. Atavitunza, hatavichana.

Kula vizuri. Sweta likifumuka, kata uzi ufunge fundo, usiuvute.

Dada yako,
Mwanaima


Songea, 6 Januari 1998

Dada,

Shikamoo, na Ramadhani njema kwenu. Sisi Waislamu wa bweni letu tunafuturu uji na mihogo, na jikoni wametuwekea sufuria yetu peke yetu, hatuna la kulalamika. Likizo nimekaa hapahapa shuleni. Magari ya Tunduru yanakwama, na ya kuzungukia Dar yanaishia Rufiji, sikuona namna ya kufika nyumbani na kurudi kwa wakati. Baba asinune.

Vitabu viko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda changu. Ufunguo umo ndani ya kandambili ya zamani, ile iliyokatika. Huyo mtu ni nani? Kama ni yule mtoto wa jirani mwambie asiandike kwenye majibu ya nyuma.

Nimefikiri tena juu ya kozi. Uhandisi una watu wengi mno wanaouomba. Nimeona bora kilimo, Morogoro, au hata kozi ya ardhi na upimaji. Kuna mwalimu hapa kaniambia wapima ardhi hawakai bila kazi siku hizi, kila mtu anataka kiwanja chenye hati. Au takwimu. Edwin ananicheka, anasema nabadilisha kozi kuliko ninavyobadilisha soksi. Na kweli soksi ninazo pea mbili tu.

Dada, cheti. Fomu zikifika bila cheti, mimi nimekwisha.

Tawakali


Kilwa Kivinje, 3 Februari 1998

Tawakali,

Marahaba, na Idi Mubaraka, ingawa imeshapita. Siku ya Idi tulipika pilau, baba akaenda kuswali amenyooka kabisa, na Mwanaidi akaimba kaswida bila meno. Shangazi Kadija wa Lindi alituma salamu. Nyumba yake ya Rasbura iliingia maji hadi uvunguni mwa vitanda, lakini watu wote salama.

Cheti nimekianza. Nilikwenda Masoko na baba. Karani akatuuliza kadi ya kliniki. Baba akamwambia mtoto alizaliwa nyumbani, mikononi mwa bibi yake. Karani akasema basi mzazi ataapa mahakamani. Tukavuka kwenda mahakamani. Hakimu akamuuliza baba tarehe.

Baba akasema, "Ilikuwa Ijumaa, mfungo tano, mwaka ule walipotuhamishia vijijini."

Hakimu akasema, "Mzee, mimi nataka tarehe ya kuandika."

"Andika Ijumaa."

Ungecheka. Mimi sikucheka, maana baba alikuwa amefika na shati la kazini na alijua anachokisema. Mwisho hakimu mwenyewe alitafuta kalenda, wakahesabu pamoja vizuri tu kama wazee wawili wanaocheza bao, na sasa wewe una tarehe. Cheti chenyewe kitatoka mwezi huu.

Yule mtu wa vitabu anashukuru. Anauliza hivi: kama ile herufi x ipo upande huu wa alama ya sawasawa na upande ule pia, unaanza na ipi? Kitabu kinaruka hapo, kinakwenda kwenye jibu kama vile kila mtu ameelewa.

Hukuandika chochote kuhusu mtihani wa majaribio mliofanya Desemba. Baba anauliza. Na mimi nauliza.

Mwanaima


Songea, 24 Februari 1998

Dada,

Shikamoo. Natumaini nyote wazima na maji yamepungua.

Fomu zimefika jana. Ni karatasi nne, na kila mahali imeandikwa usikate, usifute. Wenzangu wamezijaza kwa penseli kwanza. Mimi yangu iko ndani ya kitabu cha fizikia, sijaigusa zaidi ya jina. Wanasema lazima iambatane na nakala ya cheti cha kuzaliwa, la sivyo hawaisomi. Posta ya kwenda Kilwa huku inachukua wiki tatu sasa, sijui kurudi itachukua ngapi. Wakati mwingine nafikiri, kama cheti hakitawahi, basi ni amri ya Mungu, nitaomba chuo cha ualimu au nitafute kazi tu. Si vibaya. Watu wangapi wanaishi bila chuo kikuu?

Kuhusu ile x, mwambie azihamishie zote upande mmoja na namba tupu upande wa pili, na kila kinachovuka kinabadilisha alama. Lakini bora aende kwa mwalimu. Mimi mwenyewe nina mitihani Mei, siwezi kufundisha kwa barua.

Samahani kwa ukali. Silali vizuri.

Tawakali


Lindi, Rasbura, 17 Machi 1998

Tawakali,

Usishangae kuona naandika kutoka Lindi. Baba mzima, Mwanaidi mzima, nimewaacha kwa jirani. Shangazi Kadija anakusalimu, yuko hapa ananiangalia ninavyoandika na anasema herufi zangu zimenyooka siku hizi.

Cheti kilitoka wiki iliyopita. Posta Kivinje wakaniambia magunia ya barua yamelala, Rufiji haivukiki, na barua za kusini wanazikusanya tu. Nikarudi nyumbani nikakiweka mezani. Nikakitazama kutwa nzima. Kesho yake nikafunga kanga mbili juu ya gauni na kupanda lori la chumvi hadi Nangurukuru, kisha basi la Lindi. Basi lilikwama kabla ya mto Mbwemkuru. Tulishuka wanaume kwa wanawake tukasukuma, tope hadi magotini, na cheti chako nimekifunga kwenye mfuko wa nailoni nimekichomeka kifuani. Tulilala hapo, asubuhi likaja trekta. Shangazi aliponifungulia mlango hakunijua.

Hapa Lindi nikauliza nani anakwenda Songea. Wakanielekeza kwa dereva anaitwa Dionis, Mmakonde wa Nachingwea, anapeleka chumvi hadi huko kupitia Tunduru. Nikamkuta anafunga turubali.

Nikamwambia, "Kaka, nina bahasha ya mdogo wangu. Anaomba chuo kikuu."

Akasema, "Mimi sifiki kwa siku, dada. Naweza kulala Tunduru wiki nzima."

"Hata ukilala, lakini utafika?"

"Nitafika. Songea hawawezi kukaa bila chumvi." Akaichukua, akaiweka pamoja na karatasi za gari lake, mahali anapoweka leseni. Kisha akaniuliza, "Na wewe unasoma?"

Nikamjibu hapana. Nimetembea kutoka pale hadi Rasbura nikijilaumu kwa nini nimemjibu hivyo. Basi wewe nitakwambia. Yule mtu wa vitabu ni mimi.

Tangu Agosti nakwenda masomo ya jioni kwa mwalimu Benadetha, yule aliyehamishiwa Kivinje kutoka Newala. Anatufundishia kwenye darasa la shule ya msingi, tuko watu saba, na mmoja ni polisi. Novemba hii nataka kufanya QT, ule mtihani wa maarifa, hapa Lindi. Nikifaulu nitaruhusiwa kujiandikisha kidato cha nne, mtahiniwa wa kujitegemea. Siku ile Masoko, karani aliuliza, "Vyeti viwili, vyote vya huyo kijana?" Baba alikuwa ametoka nje kunywa maji. Nikasema kimoja ni changu, cha kujiandikishia mtihani.

Sikukwambia kwa sababu niliogopa utanionea huruma, au utacheka, na yote mawili sikuyataka. Baba hajui. Atasema mwanamke aliyeachwa, ana mtoto, anakwenda kukaa darasani na polisi. Usimwambie.

Barua hii naipitisha posta ya hapa Lindi; bahasha ikifika nijulishe. Jaza fomu yako, Tawakali. Jaza unachotaka wewe, hata kama ni kilimo cha vitunguu.

Mwanaima


Songea, 6 Aprili 1998

Dada Mwanaima,

Shikamoo sana. Bahasha ilifika Machi 27. Dereva mwenyewe aliileta hadi getini, ametapakaa tope, akasema, "Dada yako kasema ifike, nami nimeifikisha." Mkuu wa bweni akampa chai.

Dada, barua yako nimeisoma mara nyingi. Nimekumbuka nilivyokujibu kuhusu ile x, nikatamani ardhi inimeze. Swali lolote la hesabu uliandike, nitalijibu lote, hatua moja moja. Nimekuwekea karatasi sita za maswali ya jabiri, ya x kama ile, na majibu yake, nimeandika kubwa. Sijacheka na sijakuonea huruma. Siri yako kwangu haitoki.

Mambo ya huku yanakwenda. Tunajiandaa na mtihani. Mvua inanyesha. Chakula ni kilekile.

Wasalimu wote.

Tawakali


Kilwa Kivinje, 11 Mei 1998

Tawakali,

Marahaba. Hapa wazima, na barabara imeanza kupitika. Karatasi za jabiri nimezifanya zote, nimekosa tatu, nazo nimezirudia.

Barua yako ina kurasa mbili za asante. Sijaona neno moja kuhusu fomu. Uliituma?

Nakutakia mtihani mwema. Jibu swali langu.

Mwanaima


Songea, 28 Juni 1998

Dada,

Shikamoo. Mtihani tumemaliza salama. Wenzangu wameondoka, bweni limebaki kama ghala tupu. Mimi nimepata kibarua kwenye sekondari moja mpya ya binafsi hapa mjini, siku hizi zinafunguliwa kila mtaa. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa mahindi, sasa ni mkurugenzi. Nafundisha hesabu kidato cha kwanza na cha pili, madarasa hayana madirisha bado, lakini watoto ni wazuri. Nitakaa hadi matokeo yatoke. Mwambie baba ni kazi ya muda, nafuu kuliko kukaa bure nyumbani.

Wanafunzi wangu wanakwama mahali palepale ulipokwama wewe. Nimejifunza kuwaeleza taratibu.

Mwanaidi meno yameota?

Tawakali


Songea, 4 Septemba 1998

Dada Mwanaima,

Shikamoo. Tangu Mei sijapata barua yako na najua kwa nini. Sikujibu swali lako. Najibu sasa.

Sikuituma.

Bahasha yako ilifika, cheti kikavu kabisa, hakina hata alama ya tope, na siku za kuwahi zilikuwepo. Edwin alikuwa anapeleka yake posta siku hiyohiyo, wanafunzi watatu walimpa zao azipeleke, akasimama mlangoni akasema, "Tawakali, lete." Nikamwambia bado naandika. Akasema atasubiri. Nikamwambia asisubiri. Sikuwa naandika. Nilikuwa nimeketi kitandani na kalamu haina kifuniko.

Uliniuliza mtihani wa majaribio. Fizikia nilipata sifuri, dada, F kubwa imezungushiwa wino mwekundu na kubandikwa ubaoni na jina langu lote. Tangu siku hiyo kila kozi niliyojipimia niliona wanavyonirudishia fomu. Ndiyo maana nilizidi kuruka huku na huku. Nilijiambia ni bora niseme cheti kilichelewa, kila mtu ataamini, mvua zenyewe zilikuwa zinatangazwa redioni. Kisha wewe ukasukuma basi. Cheti kikaja. Nikakosa pa kujificha, nikakaa kimya nikaiacha tarehe ipite.

Matokeo yametoka. Nimepata daraja la pili. Fizikia D. Edwin kapata daraja la pili pia, pointi moja nyuma yangu, na amechaguliwa uhandisi. Alikuja kuniaga akiwa na barua yake mkononi. Hakuniuliza kitu. Ningefurahi angeniuliza.

Nimeandika haya nikiwa kwenye ofisi ya walimu na nimechana karatasi mbili kabla ya hii. Baba sijamwambia. Ukitaka mwambie wewe. Sina haki ya kukuomba kitu kingine.

Tawakali


Kilwa Kivinje, 25 Septemba 1998

Tawakali,

Sisi wazima.

Barua yako niliipokea sokoni, nikaisoma nimesimama, muuza dagaa akaniuliza kuna msiba gani. Nilikaa na hasira siku kadhaa. Mwanaidi alikuwa akiniuliza kitu namjibu kwa kelele, mwisho akahamia kibarazani kwa babu yake. Nilikuwa nafikiria lile tope. Sikufikiria baridi wala kulala njiani. Nilifikiria tope limekauka miguuni nikiwa naongea na yule dereva, na namwambia mdogo wangu anaomba chuo kikuu, nasema kwa sauti ili na waliokuwa karibu wasikie.

Nilitaka kukuandikia mengi. Nimeyaacha. Jumanne mwalimu Benadetha alinipa jaribio la Kiingereza nikapata alama ndogo kabisa darasani, chini hata ya polisi, na nikiwa narudi nyumbani nikasema moyoni kwamba Novemba sitakwenda Lindi, nitasema Mwanaidi anaumwa. Nilikuwa nimeshaupanga uongo wote, hadi homa yenyewe ni ya aina gani. Hapo nikakuelewa. Sikusema nimekusamehe, nimesema nimekuelewa.

Sasa sikiliza. Baba simwambii mimi. Utakuja umwambie mwenyewe, umekaa mbele yake. Cheti chako ulichobaki nacho huko ukilete mkononi, na fomu za mwaka ujao utaziombea hapa hapa, sanduku la posta la nyumbani. Mimi sitabeba tena bahasha ya mtu.

Na kama utafika nimeshaondoka kwenda kwenye mtihani wangu, mwambie baba na hilo. Lako na langu. Mimi nimejaribu mara nyingi kumwambia na kila mara naishia kumuuliza kama chai ina sukari ya kutosha.

Mwanaidi ameota meno, makubwa kama ya kwako.

Mwanaima


Kilwa Kivinje, 3 Novemba 1998

Dada,

Shikamoo. Barua hii nampa kondakta wa basi la Lindi, ataishusha stendi, shangazi atamtuma mtu aichukue. Nimefika juzi jioni. Mkurugenzi wangu wa mahindi hakutaka kuniachia, akasema nitamuulia shule. Mwanaidi alinitazama kwanza, kisha akaniambia nimekonda, sauti yako kabisa. Kitanda changu kimejaa madaftari yako. Nimelala pembeni.

Baba nilimwambia jana, baada ya chai. Alikuwa na shati la kazini. Nilimwambia yote, na ile F, na dereva, na Edwin mlangoni. Alinisikiliza bila kunikatiza.

Akasema, "Kwa hiyo karatasi ilikuwepo, na muda ulikuwepo."

"Vilikuwepo, baba."

"Ulichoogopa ni nini?"

"Kukataliwa."

Kisha akasema, "Mimi barua ya kuachishwa walinipa mbele ya wafanyakazi wote. Jioni nilikula."

Akaniuliza safari hii nitaomba nini. Nikamwambia ualimu, chuo kikuu, kozi ya kufundisha hesabu. Nilitegemea ataitaja gesi. Alitazama barabarani, akasema, "Uliwahi kuwafundisha watu wakaelewa?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi andika hiyo, na uandike kwa wino." Barua ya kuomba fomu tumeipeleka posta pamoja, akaidumbukiza yeye.

Tukiwa njiani akasema, "Dada yako Lindi kaenda kumtazama shangazi yenu?"

Nikamwambia, "Hapana. Ana mtihani."

"Mtihani wa nani?"

"Wake, baba."

Akasimama katikati ya njia, baiskeli ikatukwepa. Nikamweleza QT ni nini, na mwalimu Benadetha, na mwaka mzima huu. Nikangoja aseme uliyosema atasema. Hakusema. Aliuliza masomo ni mangapi, na kama unapata pa kulala pakavu. Kisha tukarudi nyumbani.

Alasiri alikwenda kuswali. Nilimfuata nyuma kidogo. Kwenye kibaraza cha msikiti wazee wakamuuliza kama mimi nimerudi na chuo kimejibuje. Akasema, "Huyo amekuja kupumzika. Mwanangu yuko Lindi, ana mtihani wa serikali."

Wakamuuliza mwana gani tena huyo.

Akasema, "Wa kwanza."

Nimeona nikuandikie, usije ukasikia kwa mwingine.

Tawakali


Lindi, Rasbura, 5 Novemba 1998

Mdogo wangu,

Marahaba. Shangazi mzima, nyumba imekauka, ameniwekea meza karibu na dirisha. Tumefanya hesabu, Kiswahili na uraia. Chumba cha mtihani kina watu wa kila namna: wauguzi, askari wawili, mama mmoja mjamzito kutoka Mtama, na mzee mwenye mvi anayevaa miwani ya kamba. Hesabu nimejibu maswali yote isipokuwa moja. Sijui nimepata nini na nimeacha kujiuliza.

Kondakta aliileta barua yako hadi huku mwenyewe, leo asubuhi, nikiwa natoka kwenda kwenye Kiingereza. Nimeisomea njiani. Ile sehemu ya baba msikitini niliifikia nikiwa nje ya chumba cha mtihani, na msimamizi alikuwa ameshaanza kuita namba zetu.

Nilikunja karatasi, nikamwachia mlinzi aishike kwa sababu hawaruhusu kuingia na kitu chochote. Wakaita namba yangu, nikaitika kwa sauti hadi yule mzee wa miwani akageuka. Nikaingia, nikakaa, nikaandika.

Mwanaima